Usingoje Siku ya Tatu: Mwongozo wa Kuishi Kihambani kwa Jasho Lako

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii katika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962, akaeleza kwamba mgeni wa zamani mara nyingi aliliomba jembe mwenyewe kabla mwenyeji hajafungua mdomo. Mwongozo huu ni wa mgeni wa namna hiyo. Ni wa kijana aliyemaliza chuo na bado anasubiri ajira, wa mwalimu mwenye likizo ndefu, wa mtu mzima anayetaka kununua shamba lakini hajawahi kushika fyekeo. Mtu huyo ameamua kwenda kukaa na familia ya wakulima, afanye kazi, na ujira wake uwe chakula na mahali pa kulala.

Ulaya utaratibu huu una fomu na orodha ya wanachama. Mwaka 1971 mwanamke mmoja wa London, Sue Coppard, aliyekuwa akifanya kazi ya ukatibu, alipanga yeye na wenzake wachache waende kufanya kazi mwisho wa juma katika shamba la Emerson College, Sussex. Jambo likapendwa, likakua, na leo mtandao huo unaoitwa WWOOF una wenyeji katika nchi zaidi ya 100. Desturi yake inaeleweka upesi: mgeni hufanya kazi takriban nusu siku, mwenyeji humpa chakula, kitanda na mafunzo ya kilimo hai, na fedha haipiti kati yao.

Huku kwetu jambo lenyewe ni la zamani kuliko fomu hizo. Mpwa alipelekwa kwa mjomba, mjukuu akaachwa kwa bibi, rafiki wa kijana wa nyumbani akaja likizo moja na akabaki mpaka mavuno. Ila pia huku kwetu maneno “chakula na malazi” yana upande mwingine unaouma. Yametumika kumleta mjini mtoto wa ndugu maskini kwa ahadi ya shule, akaishia kuosha vyombo na kubeba watoto wa wenzake miaka nenda miaka rudi bila senti. Kwa hiyo anayetaka kubadilishana jasho kwa ugali lazima ajue mpaka uko wapi. Naupendekeza mpango huu kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana nataka ufanywe sawasawa.

Mfano wangu ni kihamba cha Kilimanjaro. Ninachosema hapa kinaweza kufaa pia Lushoto, Rungwe, Kisii au Bukoba, lakini kila mahali pana ng'ombe wake na desturi zake, na mwongozo usio na mahali humsaidia mtu kidogo sana.

Kihamba ni nini hasa

Watu wa mjini wakisikia shamba hufikiria uwanja mpana wa mahindi. Kihamba hakifanani na hilo. Ni kipande cha mlima, kwa kawaida chini ya hekta moja, chenye nyumba katikati na kila kitu kimepandwa juu ya kingine. Juu kabisa kuna miti mirefu, kama mringaringa na mgrevilea. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi wanafungwa bandani, wanaletewa majani, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, huko Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kinachokosekana siku hizi ni mikono. Kwa desturi ya Wachagga, wenyeji wa mlima huu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya wazazi, na mara nyingi mtoto huyo yuko Dar es Salaam, ana duka Kariakoo au ana kazi ya ofisini, na anarudi Desemba. Waliobaki ni babu mwenye magoti mabovu na bibi anayepanda mteremko na mzigo wa majani kichwani. Kwao mtu mmoja mwenye nguvu na adabu ni msaada mkubwa. Mtu mwenye nguvu asiye na adabu ni mzigo wa pili wa majani.

Wakati wa kwenda

Usiende Desemba. Wachagga wa nchi nzima wanarudi nyumbani kula Krismasi, mabasi yanajaa, kila godoro lina mwenyewe, na hakuna mtu mwenye muda wa kumfundisha mgeni kushika panga. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kuna kazi nyingi ya palizi, lakini ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya na njia za mlimani zinageuka mifereji. Anayetaka kuijua kahawa aende kuanzia Julai hivi, matunda yanapoanza kuwa mekundu, na abebe sweta mbili, maana Juni na Julai kule juu ni baridi ya kweli.

Kaa angalau mwezi mmoja. Wiki ya kwanza familia inakulisha, inakuonyesha, inarudia kazi uliyoiharibu. Wiki ya pili unafanya kazi nusu ya ile ya mwenyeji. Ukiondoka hapo, umekula zaidi ya ulivyolima. Kuanzia wiki ya tatu ndipo mezani panaanza kuwa na haki.

Simu kabla ya begi

Makubaliano yafanyike kabla hujapanda basi, tena yafanyike kwa maneno ya wazi. Kwetu tunaona haya kumuuliza mtu mzima masharti, hasa akiwa shangazi au rafiki wa baba. Haya hiyo ndiyo inayozaa manung'uniko baadaye. Uliza kwa heshima: nitaamka saa ngapi, nitapumzika siku gani, nitalala wapi, kazi yangu itakuwa ipi, na nani atanifundisha. Mwambie nawe unachoweza na usichoweza. Kama mgongo wako una shida, sema sasa, usisubiri kuwekewa debe la samadi kichwani.

Kuhusu saa za kazi kuna kipimo ambacho kila mtu anaweza kukitumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki kwa mwajiriwa, na huyo analipwa mshahara. Wewe hulipwi. Basi ukiona unafanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku, siku sita au saba, hapo hakuna tena kujitolea. Hiyo ni ajira, na ajira ina malipo. Nusu siku inatosha: asubuhi bandani na shambani, mchana upumzike, jioni majani ya ng'ombe. Zipo siku za kuzidisha, kama siku ya kuvuna kahawa au siku mvua inapotishia mahindi yaliyoanikwa, na mtu mwenye akili hasimami na saa mkononi siku hiyo. Lakini zisiwe kila siku.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote katika mwongozo huu. Familia nyingi zenye ng'ombe zina kijana wa ng'ombe. Ametoka kijiji kingine au mkoa mwingine, anakata majani, anasafisha banda, anakamua, na mshahara wake mdogo unakwenda kwa mama yake. Ukifika wewe, mwenye simu nzuri na nguvu za bure, mwenyeji aliyebanwa na ada za shule anaweza kuona hesabu mpya: kwa nini nimlipe huyu wakati yule anafanya bila malipo? Hapo umemnyima mtu riziki yake kwa ajili ya kujifunza kwako. Kwa hiyo uliza kwenye simu: je, kuna mtu anayelipwa kwa kazi hii? Kama yupo, sema wazi kwamba utakuwa msaidizi wake, na kwamba hutakwenda kama atasimamishwa. Ukifika, mwite kaka, mfuate, mwombe akufundishe. Yeye ndiye mwalimu wako wa kweli wa mambo ya bandani, na anastahili kuambiwa hivyo mbele ya mwenye nyumba. Kama anakula baada ya wengine, nawe kula naye.

Jambo la pili la uzito ni nauli. Tofauti kati ya mgeni anayejitolea na mtu anayetumikishwa ni kwamba mgeni anaweza kuondoka kesho asubuhi. Weka nauli ya kurudi mahali unapojua wewe peke yako, usimkopeshe mtu, na usimpe yeyote akutunzie pamoja na kitambulisho chako. Mwenyeji mwema hatakuomba vitu hivyo. Anayekuomba umkabidhi kitambulisho siku ya kwanza, mshukuru kwa chai, chukua begi lako, ondoka. Nawaambia hivi hasa dada zetu: mlango wa chumba chako uwe na komeo la ndani, na mtu mmoja nje ya familia hiyo ajue uko wapi na atakupigia lini.

Msomaji uliye Nairobi au Kampala, kumbuka pia kwamba Tanzania mtu asiye raia anahitaji kibali hata kwa kazi ya kujitolea. Pita Uhamiaji uulize kabla hujavuka mpaka wa Namanga.

Begi lenyewe

Gambuti ndicho kitu cha kwanza. Cha pili ni nguo ambazo hutazililia, kwa sababu utomvu wa mgomba ukiingia kwenye shati hautoki, uoshe na sabuni yoyote unayoijua. Tochi, sweta, koti la mvua, dawa zako, sabuni yako. Usiende mikono mitupu: sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, na kanga kwa bibi. Ukifika na mfuko wa vitu vya jikoni, mazungumzo ya makubaliano yanakuwa mepesi, na bibi anakuwa wakili wako kwa muda wote utakaokaa.

Ukifika, salimia kila mtu, kuanzia mkubwa. Kisha fanya hivi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Bado, bibi. Lakini nimeona majani ya ng'ombe yamekwisha. Tunakata upande gani?”

Atakwambia ukae kwanza unywe chai. Kaa, unywe chai. Lakini amesikia, na jirani atasikia kabla jua halijazama.

Bandani alfajiri

Kazi ya kihamba inaanzia kwa ng'ombe, saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, kukiwa bado na ukungu. Kwanza unaondoa samadi na majani yaliyokanyagwa, unayasukuma kwenye lundo la mbolea. Usiyaone ni uchafu. Ndizi utakazokula mwakani zimelala humo.

Kukamua hakujifunzwi siku moja, ila taratibu zake zinajifunzwa. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, ukifuta polepole, kwa sababu kule kufuta ndiko kunakomfanya ng'ombe aachie maziwa. Matone ya kwanza ya kila chuchu kamulia kwenye kikombe cha pembeni, siyo kwenye ndoo, uyaangalie mwangani: ukiona mabonge au damu, ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, mwite mwenyeji mara moja na maziwa hayo yasichanganywe na mengine. Kisha paka mafuta ya kukamulia, shika chuchu kwa mkono mzima, bana juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu funga vidole vilivyobaki kimoja kimoja kushuka chini. Usivute. Anayevuta anamuumiza mnyama, na mnyama ana miguu minne ya kujibu. Kaa upande ule aliouzoea, ongea naye kwa sauti ya chini, na usivae koti linalopigapiga upepo. Siku za mwanzo utapata kikombe pale mwenyeji anapopata lita tatu. Mwachie amalizie, maana maziwa yakibaki kiweleni yanaleta ugonjwa.

Elewa pia maziwa ni ya nani. Katika vihamba vingi mapato ya kahawa yamekuwa mkononi mwa baba, na maziwa na ndizi mkononi mwa mama. Huko Nronga, Machame, akina mama walianzisha ushirika wao wa maziwa, na fedha ya kikombe kwa kikombe imenunua madaftari na sare za shule. Kwa hiyo usijimiminie glasi kwa sababu umekamua wewe. Na ukitumwa kupeleka maziwa kwenye kituo, nenda upesi na moja kwa moja. Yakichachuka njiani, siku nzima ya mama imechachuka.

Mgomba na panga

Baada ya chai utapewa panga, na hapa ndipo wageni wengi hufanya hasara. Shina moja la mgomba ni familia: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayefuata, na mjukuu anayechomoza. Hao watatu wanabaki, machipukizi mengine yanaondolewa ili wasigombanie chakula. Kabla hujakata lolote, muulize mwenyeji nani ni mtoto na nani ni mjukuu, umuonyeshe kwa kidole, ungoje aseme ndiyo. Chipukizi likishakatwa halirudishwi, na mwaka ujao hakuna mkungu mahali pale.

Kuna ndizi za kila kazi: mshare wa kupika, kisukari cha kula mbivu, mkono wa tembo ambao ndizi moja inajaza sahani. Usikate mkungu wowote bila kumuuliza mama wa nyumba, hata kama umeiva na ndege wanaudonoa. Huenda ameuahidi kwa msiba wa jirani, au anaungoja ufike hatua fulani kwa ajili ya mbege. Akikuruhusu, kata hivi: chanja shina katikati, upande ule mkungu unakoinamia, kiasi cha kulifanya liiname taratibu, mwenzako akiwa tayari ameushika mkungu. Ukikata kwa pigo moja kwa ushujaa, mkungu unaanguka, ndizi zinapondeka, na jioni nyumba nzima inakula ndizi zilizopondeka ikikutazama.

Baada ya hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Mgomba huzaa mara moja tu, kwa hiyo shina lililozaa linakatwakatwa vipande na kupelekwa kwa ng'ombe, maana lina maji mengi na wakati wa kiangazi ndilo linalomwokoa. Majani makavu yanatandazwa chini kuzuia magugu na kulinda unyevu. Palizi ifanywe juujuu, mizizi ya mgomba iko karibu na uso wa ardhi na jembe la hasira linaikata. Hakuna kinachotupwa. Ukijikuta umeshika kitu cha kihambani na unatafuta pa kukitupa, simama uulize kinakwenda wapi.

Kuna mimea ambayo fyekeo lako lisiiguse kabisa. Utakuta mpakani mistari ya majani marefu membamba yenye kung'aa, yamesimama bila ua na bila tunda la kukushawishi. Hayo ni masale. Ndiyo yanayoonyesha kihamba cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi, na ndiyo Mchagga anayomletea mwenzake anapoomba msamaha kwa kosa zito. Ukiyafyeka ukidhani ni magugu, umefuta mpaka wa majirani wawili, na itabidi familia iende kwa jirani kueleza, ikiwa imeshika masale yaliyobaki. Vivyo hivyo makaburi. Wazee wa familia wamezikwa humo humo kihambani, mara nyingine karibu na njia unayopita na toroli. Usikalie, usianike nguo, na ukipewa kazi ya kusafisha pale jua kwamba umeaminiwa.

Maji nayo yana wenyewe. Mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka mtoni kwa nguvu ya mteremko tu, imechimbwa na vizazi vya watu, na maji yanagawanywa kwa zamu. Ukiona mfongo wa jirani unatiririka nawe migomba yako imenyauka, usifungue hata kidogo. Zamu ya mtu ni mali yake.

Kahawa

Kahawa haina haraka na haipendi wenye haraka. Chuma tunda jekundu, acha la kijani, rudi tena baada ya siku kadhaa. Anayekwangua tawi zima ili ajaze ndoo anaharibu bei ya mzigo wote, kwa sababu mbivu na mbichi zikichanganyika ubora unashuka. Zinamenywa siku ile ile, zinachachushwa, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja vya waya, na kila mvua ikinyemelea kuna mtu wa kukimbia kuzifunika. Mtu huyo ni wewe.

Ukiwa unazichambua pale kichanjani, mwombe babu akueleze habari za ushirika. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vya kwanza na vyenye nguvu vya wakulima Waafrika. Shule na nyumba nyingi za mlimani zimesimama kwa fedha ya zao hili. Babu ataeleza pia kwa nini jirani yake aling'oa mibuni akapanda nyanya, na hapo sikiliza zaidi, kwa sababu hayo hayaandikwi kwenye vitabu vya watalii.

Mezani na Jumapili

Utakula mtori, machalari, kiburu cha ndizi na maharage, na utakula kwa wingi kwa sababu umefanya kazi. Kula kinacholiwa. Kama kuna chakula kinachokudhuru au kilichokatazwa na dini yako, ulitakiwa useme kwenye simu. Kama hukusema, mwambie mama faraghani, siyo mezani. Mbege utakaribishwa. Imetengenezwa kwa ndizi mbivu, ulezi na magome ya msesewa, inanyweka upesi na inapanda polepole, kwa hiyo anayeijaribu aijaribu siku isiyo na kazi ya panga. Asiyekunywa pombe aseme hapana kwa upole, na hakuna atakayemlaumu.

Jumapili hakuna jembe. Kilutheri au Kikatoliki, mlima unakwenda kanisani. Kama si mwumini wa huko, pumzika, fua nguo zako, tembelea wazee. Lakini ng'ombe hula hata Jumapili, na ukiwaambia wenyeji “nendeni nyote, majani leo nitakata mimi,” utakuwa umempa bibi ibada isiyo na haraka.

Neno kwa mwenyeji

Wewe mwenye kihamba unayemkaribisha mtu, nawe una jembe lako la kushika. Mgeni huyu hakuja kuwa mtumishi wa kaya. Amekuja kubadilishana, na upande wako wa mabadilishano ni chakula cha kutosha, kitanda kikavu, na maelezo. Maelezo ndiyo yanayosahaulika. Ukimtuma akate majani, mwambie pia yapi yanamvimbisha ng'ombe tumbo. Ukimpa mkungu abebe, mwambie aina yake. Akikosea, mrekebishe palepale, usimsimulie kwa jirani. Usimwongezee kazi za jikoni kwa sababu tu ni msichana, wala usimwachie mizigo yote kwa sababu ni mvulana. Akiugua, mpeleke zahanati kama mtoto wako. Na kama una uwezo wa kulipa mtu na kazi ipo mwaka mzima, ajiri kijana wa kijijini, umlipe vizuri. Mgeni atakuja na kuondoka, kijana huyo ndiye atakayekuwa hapo mvua ikinyesha usiku na ng'ombe anazaa.

Siku ya kuondoka

Toa taarifa mapema, kwa sababu kazi zimeshapangwa juu ya mikono yako. Osha vifaa, noa panga ulilolitumia, rudisha kila kitu mahali pake. Usiahidi kurudi kama hujui utarudi. Picha za bibi akikamua, mwonyeshe kwanza, na asipotaka zionekane na watu, zifute. Mpe kijana wa ng'ombe zawadi yake mkononi, tofauti na ile ya familia, kwa kuwa saa zake za kukufundisha hakuna aliyezilipa.

Ikiwa una ndugu au rafiki mwenye kihamba Kibosho, Marangu, Machame au Rombo, mpigie wiki hii. Usiulize kama kuna chumba. Uliza ana ng'ombe wangapi, nani anawakatia majani, na mtu huyo analipwa shilingi ngapi. Akikujibu yote matatu bila kusitasita, kanunue gambuti.